Upanga wa Inchi Thelathini na Sita

New Site, Juba
3 Februari 2025

Mume wangu Lagu,

Nimeandika hayo maneno mawili ya juu nikaweka kalamu chini nikayatazama. Mume wangu. Leo nimeyasema kwa kila mteja wa kioski, hata kwa yule mzee wa jirani aliyekuja kununua kiberiti tu. "Mume wangu yuko msituni, anapasua mbao." Akanijibu, "Sawa mama, nipe chenji yangu." Hakujali. Mimi nami sikujali kwamba hakujali.

Wifi Suzan ananicheka. Anasema kaka yake alikuwa mtu wa kawaida tu mpaka aliponioa, sasa amekuwa hadithi ya mtaa mzima.

Ninalifikiria lile kanisa la Atlabara kila siku. Pasta aliposema tushikane mikono, ulinibana kwa nguvu mpaka pete ikaniachia alama kwenye kidole cha pembeni, na sikutoa sauti. Shangazi zangu walidhani ninalia kwa sababu ninatoka nyumbani. Nililia kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunishika namna ile, kama mtu anayeogopa kwamba akiniachia nitaanguka. Bado naitafuta ile alama. Imefutika, nami nimekasirika kwamba imefutika.

Najua hupendi kuandika. Lakini huko nyuma ya Lobone simu haishiki, na Wafula amekubali kubeba barua zetu kila lori lake likipanda na kushuka. Amesema, "Shemeji, mbao nabeba, mchele nabeba, mapenzi yenu yana uzito gani?" Basi andika. Andika kwa Kiswahili chako cha Adjumani, mimi nitasoma kwa Kiswahili changu cha Eldoret. Kimadi sikijui, Kidinka hukijui. Mungu alituachia lugha hii moja tuoane nayo. Na ukiandika "msumeno yangu" nitalizungushia hilo kosa kalamu nyekundu, halafu nitalibusu.

Sasa kuhusu huo msumeno. Ulipokuwa unaondoka ulisema ule wa zamani hauwezi tena miti minene. Niambie unataka upi. Zawadi za harusi zitatosha. Nitaenda soko la Custom mwenyewe, nitachagua kama nilivyochagua kitambaa cha gauni langu. Kitakuwa kitu chetu cha kwanza kununua tukiwa mke na mume. Wengine huanza na kitanda. Sisi tutaanza na msumeno wa injini!

Wako, wako, wako,
Akuol


Kambini
10 Februari 2025

Akuol bibi yangu,

Barua nimepata. Mimi niko mzuri. Chakula iko, maji iko karibu.

Umeuliza msumeno. Nakuambia. Miti ya bonde hii ni mikangazi ya zamani. Watu wawili wakishikana kuzunguka moja, bado iko nafasi ya mtu wa tatu. Mashine yetu upanga yake ni fupi. Upanga ni ile chuma mrefu ambayo mnyororo inazunguka. Tunakata upande hii, tunazunguka, tunakata upande ingine, na roho ya mti inabaki katikati haijaguswa. Halafu mti inasimama tu. Hakuna mtu anataka kulala karibu yake.

Mwenye kazi alikuja. Alisema mkileta mashine kubwa kabla mwezi wa tatu haijaisha, bonde yote ni yenu. Mkikosa, napea kikundi ingine. Mimi ndiye mshika mashine. Wengine wote wananiangalia mimi.

Kwa hiyo chukua kubwa. Upanga inchi thelathini na sita. Injini ile nzito ya watu wa zamani. Usikubali ndogo hata wakikuambia ni nzuri.

Habari ingine hakuna. Juzi nilitoa sufuria ya posho kwa moto bila kitambaa. Wafula ndiye alipiga kelele, si mimi. Watu walicheka sana.

Ile alama ya kidole, malesh, unisamehe.

Lagu


New Site, Juba
17 Februari 2025

Lagu wangu mwenye mikono ya chuma,

Sufuria motoni bila kitambaa! Nimemsimulia kila mtu. Nimewaambia, mnaona nimeolewa na mtu wa aina gani? Suzan peke yake hakucheka. Alisema, "Huyo? Huyo alikuwa akichomwa na chai analia mpaka jioni." Nikamwambia hiyo ilikuwa zamani, kabla hajanijua.

Jumamosi nilifunga kioski nikaenda Custom. Kuna Mganda mmoja anaitwa Mirembe, duka lake lina misumeno imening'inia mpaka mlangoni. Nilipoingia akanitazama viatu vyangu, vile vyeupe vya harusi. Nimevivaa makusudi.

"Dada, unataka ya kukata kuni ama ya kukata msitu?"

"Ya kukata mikangazi."

"Eh! Mume ni mkubwa?"

"Ni mrefu," nikasema, na naona aibu kukuambia kwamba nilionyesha kwa mkono mpaka wapi.

"Sijauliza urefu. Nauliza mabega."

Nikamwambia mabega yako yapo na yanatosha. Akashusha mashine mbili. Ya kwanza ndiyo ile yako, ya kijivu, upanga inchi thelathini na sita. Nilijaribu kuinyanyua ikanyanyuka upande mmoja tu. Ya pili ina upanga wa inchi ishirini na tano, na kati ya injini na mshikio kuna springi. Mirembe akaitikisa mbele yangu.

"Hii inatetemeka yenyewe, haikutetemeshi wewe. Ile kubwa haina springi. Injini na mshikio ni kitu kimoja. Mtetemo wote unaingia kwa mikono unakaa humo."

"Unakaa kufanya nini?"

"Muulize mtu ameishika miaka. Mimi nina wateja hawawezi kufunga vifungo vya shati. Asubuhi vidole vyao vimepauka kama vimetoka kwa unga."

Lagu, nilicheka! Nikamwambia, "Basi hiyo ndiyo nzuri. Vifungo vya mume wangu nimeolewa nivifunge mimi." Upande ule wote wa soko ukaangua kicheko, hata wauza betri. Mirembe akasema, "Haya, bibi harusi," akaenda kumhudumia mtu mwingine.

Baadaye alirudi akaniambia hiyo ya springi inaweza kuangusha mti mkubwa ukikata pande zote mbili kwa subira. Ishirini na tano huku na ishirini na tano kule ni hamsini. Lakini wewe umesema nisikubali ndogo, na mimi ni mke mtiifu mpaka hapo nitakapochoka. Niandikie neno la mwisho: kubwa, au ya springi? Na mikono yako ikoje? Nauliza tu ili nijue niiote vipi.

Busu kwa kila kidole,
Akuol


Kambini
24 Februari 2025

Mpenzi wangu Akuol, taa ya safari yangu,

Barua yako imefika salama, nami nimeisoma mara nyingi kuliko vibao vya barabarani. Tangu nikuache Juba, moyo wangu umeingia gia ya nne na haujui kushuka. Hata penye mlima haupunguzi mwendo. Penzi letu ni gari lisilo na breki, na mimi sitafuti fundi.

Kuhusu msumeno, uamuzi wangu haujabadilika. Chukua ule mkubwa. Huo wa springi ni mzuri kwa watu wa mjini. Hamsini inatosha ukihesabu dukani, lakini shina la mkangazi lina mabawa ya mizizi huku chini, na mti huegemea upande unaoupenda wenyewe. Ukiukata pande mbili bila kuufikia moyo wake, hujui utakulalia wewe au mwenzako. Kikundi kizima kinaningoja mimi.

Umeuliza kuhusu mikono yangu. Mikono yangu ni mizima. Vidole vyangu vyote kumi vinakusalimu.

Wako hadi tairi la mwisho,
Lagu


New Site, Juba
3 Machi 2025

Lagu, Lagu, Lagu,

Nilianza kuisoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa juu ya gunia la mchele. Gari lisilo na breki! Ulikuwa umeficha wapi maneno haya siku zote ulizokuwa unanichumbia kwa kuniambia "mimi iko hapa"?

Na Kiswahili chako! "Mikono yangu ni mizima." Mwezi uliopita ungeandika "mkono yangu iko mzuri". Umetoka kwenye kazi nzito, umechoka, ukakaa kando ya moto ukajifunza ngeli kwa ajili yangu. Nani mwingine amewahi kufanyiwa hivyo? Wenzangu wamenunuliwa dhahabu. Mimi nimenunuliwa ngeli. Hata mwandiko umebadilika, umekuwa wa mviringo, wa mtu aliyetulia moyoni. Nimeilaza hiyo barua chini ya mto na Suzan ameniambia itanipaka wino shavuni, nikamwambia ipake.

Alipoiomba aisome nikampa. Aliisoma pole pole akanirudishia.

"Kaka yangu amejua gia lini? Hata baiskeli alikuwa anaisukuma."

"Mapenzi yanafundisha," nikamwambia.

Akaenda kuosha vyombo. Nadhani ana wivu kidogo, maskini. Yeye bado hajapata wa kumwandikia.

Basi nimetii. Nimekwenda kwa Mirembe nikamwambia, kalas, imekwisha, kubwa. Aliuliza mara mbili. Amenichagulia na mnyororo wa akiba na tupa ya kunolea. Mashine iko nyuma ya duka lake, na nimeandika kwa chaki juu ya upanga: LAGU NA AKUOL. Umeufikiria huo upanga ukiingia kwenye mkangazi na majina yetu? Tutakuwa ndani ya meza za watu Juba nzima.

Wafula akishuka ataichukua.

Mkeo asiye na breki,
Akuol


New Site, Juba
12 Machi 2025

Lagu,

Wafula amekuja leo mchana kuchukua mashine. Amenipa barua yako mpya, fupi. Nikamwekea chai, nikaanza kuisoma kwa sauti ili naye afurahi. Nikafika mahali pameandikwa, "Akuol, bila wewe mimi ni lori," nikasita kwa sababu karatasi ilikuwa imekunjwa hapo. Wafula akamalizia:

"Lililozimika mlimani, limewekewa jiwe tu nyuma ya tairi."

Nikaikunjua karatasi. Ndivyo ilivyoandikwa.

"Nilikuwa nakisia, shemeji."

"Umekisia vizuri."

"Mimi ni dereva. Maneno ya lori nayajua."

"Wafula."

"Naam."

"Mume wangu yuko hai?"

"Yuko hai! Haki ya Mungu, yuko hai. Ni mikono tu."

Alisema hivyo. Ni mikono tu. Halafu akaniambia yote, akizungusha kikombe mezani bila kunitazama. Kwamba asubuhi vidole vyako vinapauka mpaka kwenye kiungo cha pili na mwenzako mmoja ndiye anakufunga shati. Kwamba kalamu inaanguka na wewe unaendelea kuandika hewani kwa sababu hujasikia ikianguka. Kwamba kamba ya kuwashia mashine unaizungusha kwenye kiganja ndipo uivute. Alikusihi uniambie, ukamwambia aandike tu, aandike vizuri, mimi napenda maneno mazuri.

Nikamuuliza katika barua hizo maneno yako yalikuwa yapi.

Akafikiri. "Chukua kubwa," akasema. "Hayo yalikuwa yake."

Alipoondoka nilikwenda kwa muuguzi mmoja Atlabara nikamweleza bila kukutaja jina. Akasema mtu kama huyo akiacha mashine sasa, huenda hisia zikarudi kidogo, huenda zisirudi. Akiendelea, hata huo uwezekano mdogo utaisha. Nikamshukuru. Nikarudi kioski nikauza sabuni na vocha mpaka jioni. Sijalia. Nimengoja nilie, sijalia. Suzan ameniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, na sikumbuki.

Mashine sijaitoa. Nimemwambia Wafula kuna kifaa hakijafungwa. Si kweli.

Andika mwenyewe. Hata mstari mmoja. Ngeli sizitaki.

Akuol


Kambini

Akuol,

Naandika mimi. Nimefunga kalamu kwa kidole na mpira ya baiskeli. Inaenda pole pole, kwa hiyo sitazunguka.

Ilianza mwaka jana, mvua ilipoisha. Kwanza ilikuwa asubuhi tu. Nilikuwa naweka mkono chini ya kwapa, inarudi. Halafu ilikuwa mpaka mchana. Sasa ni siku yote. Mkono inakufa ganzi. Nikishika kitu, lazima niangalie ndiyo nijue nimeshika.

Siku ya kanisa sikusikia mkono yako. Pasta alisema tushikane, mimi nikaangalia chini nione kama nimekushika. Nikabana. Sikujua nimebana kiasi gani, kwa hiyo nikabana tena. Wewe ukalia. Nikafikiri, basi, amejua, imeisha. Halafu ukacheka na machozi yako na nikaona hujajua. Nikanyamaza. Uliponiandikia ile ya alama ya pete, nilikaa nayo siku nzima.

Nilifikiri nitakuambia nikirudi. Bonde hii moja tu, halafu naacha.

Unataka kujua kwa nini kubwa. Akuol, mshika mashine bila mashine ni mtu wa kuchota maji. Hapa wananiita mhandisi. Wananipea nyama ya kwanza. Nikisema mti itaanguka huku, watu wazima wanakimbia kule. Nikitoka hapa sina shule yako. Sina kioski. Niko na hii tu.

Na mti ile ya katikati ya bonde tumeikata nusu na mashine ndogo na tukaiacha. Inalia ikija upepo. Mimi ndiye niliianza.

Tuma mashine. Usinihurumie. Hii kitu haiumi. Hiyo ndiyo uzuri ya ganzi, haiumi kabisa.

Zile maneno za lori, nilimwambia Wafula andika vile mtu anaandikia mtu anampenda sana. Mimi sijui kuandika hiyo. Lakini sikukutumia uongo.

Lagu


New Site, Juba
22 Machi 2025

Lagu,

Nimesoma. Nimeirudia barua yako mpaka nikaacha kuelewa maneno, nikabaki naona mistari tu.

Jana nilikwenda Custom nikamwambia Mirembe aniwashie ile kubwa.

"Bibi harusi, mashine si redio."

"Niwashie."

"Umegombana na mume?"

"Niwashie, dada. Nikikatika nitajilaumu mwenyewe."

Nyuma ya duka kuna gogo la mwarobaini ambalo wateja wanajaribia. Mtu wake akalaza upanga juu ya gogo, akavuta kamba, akanipa mshikio. Mirembe akasimama nyuma yangu akanishika kiuno kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Watu walikuja kutazama. Mmoja akapiga kelele, "Mama, umekosa kuni nyumbani?" Mwingine akasema, "Mwacheni, mumewe yuko chini ya hilo gogo!" Siku nyingine ningemjibu.

Nilishika mpaka mikono ikaanza kuwasha. Nikaendelea kushika mpaka ikaacha kuwasha. Hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika.

Mashine ilipozimwa sikujua kama nimeiachia. Mirembe alinitoa vidole kimoja kimoja. Nikajishika uso. Uso ulijua kwamba umeshikwa. Mkono haukujua kwamba umeshika. Nilisimama pale nikijigusa uso mbele ya watu, na wakaacha kucheka, wakatawanyika.

Hali hiyo ilikaa mpaka nilipofika karibu na nyumbani. Mikono ilipopata hisia tena iliuma, kama sindano, mpaka kwenye kiwiko. Nilikaa kitandani nikaiacha iume. Ulisema uzuri wa ganzi ni kwamba haiumi. Nimejaribu. Ni kweli.

Sasa nimechagua. Sikuchukua kubwa, sikuchukua ya springi. Mirembe amefuta chaki kwa kitambaa chenye mafuta na leo asubuhi ameiuza ile kubwa kwa watu wengine. Nilikuwepo wakiibeba. Wawili walihitajika.

Lori la Wafula litafika huko bila mashine. Kikundi chako kitakasirika na wana haki. Waambie ni bibi yako. Waambie ni mpya, hajui kazi. Waambie chochote juu yangu, sitakuwepo kusikia. Mwenye kazi atakipa kikundi kingine huo mti unaolia, nao watajua la kufanya au hawatajua, lakini hutakuwa chini yake.

Umesema huna shule, huna kioski. Sijui utafanya kazi gani. Sijui kama utanitazama tena kama ulivyonitazama. Nakupenda bado, kwa namna ambayo majirani wameichoka, ila leo sina nguvu ya kuipamba.

Nimemwambia Wafula asipakie kitu kwenye kiti cha mbele. Usimuulize. Panda.

Akuol


Nesitu, barabarani
30 Machi 2025

Akuol,

Tuko Nesitu. Tairi ya nyuma imepasuka na Wafula amelala chini ya lori anaitukana kwa Kibukusu. Nimepata muda ya kuandika. Kuna watu wa Landcruiser wanaenda Juba, wamekubali kukuletea hii kabla sijafika. Nimewaambia kioski ya bibi ya Lagu, New Site. Dereva wao akasema anakujua, wewe ni yule wa "mume wangu, mume wangu".

Lori ilifika bila mashine. Nilitafuta chini ya turubai. Nilipanda juu, nikatoa magunia yote. Wafula alikuwa amesimama tu. Kikundi wote walikuwa wamesimama. Nikawaambia ni bibi yangu, ni mpya, hajui kazi. Hakuna mtu alicheka. Mmoja akatema mate akaenda kukunja hema yake.

Siku ya pili mwenye kazi akaleta kikundi ingine kutoka upande ya Magwi. Mashine yao ni ile ile kubwa. Nilimwendea mshika mashine yao nikamwambia mti ya katikati tuliikata hivi na hivi, ameze maneno yangu vizuri kabla hajaigusa. Akasikiliza. Halafu nikamwambia, na uwe unaangalia vidole yako asubuhi. Hapo akanikasirikia. Akasema, "Mzee, bonde limekushinda, sasa unataka kunitabiria?" Mzee! Nikaenda kupanda.

Walipoiangusha nilikuwa kwa kiti ya mbele na mlango wazi. Sikuangalia. Ardhi iliruka na nilisikia kwa miguu, mpaka kwa magoti, mpaka kwa meno. Hakuna mtu aliumia. Wakashangilia. Wafula akawasha lori.

Nakuambia ukweli. Nimekasirika. Kutoka kule mpaka lami sikusema na Wafula. Nilikaa mkono kwa magoti kama mzigo ya mtu mwingine ameniomba nimshikie. Baada ya lami sijui kama ni hasira tena. Sijui ni nini. Nikiangalia miti ya kando ya barabara sioni kitu. Zamani nilikuwa naangalia mti naona itaanguka upande gani. Sasa ni miti tu, inapita.

Kukusamehe bado. Kuja nakuja.

Wafula anasema jioni tutakuwa tumefika. Kuna kitu kimoja. Kile kitasa ya mlango yetu ni ya kuzungusha, ndogo, na mkono yangu haiiwezi. Wiki ile ya harusi nilikuwa nasimama nje kama mtu anavuta hewa, mpaka wewe au Suzan atoke, ndiyo naingia. Wewe ulifikiri napenda nyota.

Leo sitasimama. Nitapiga mlango na mguu. Usishtuke, ni mimi. Fungua.

Lagu